Clarkston, Stendi ya Atlanta

Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 iliwahesabu watu 14,756 katika mji wa Clarkston, jimboni Georgia. Wakati huohuo, hesabu inayorudiwa na karibu kila anayeuandika mji huo ni kwamba katika kipindi cha robo karne umepokea wakimbizi zaidi ya 40,000. Namba hizo mbili haziwezi kukaa pamoja katika eneo ambalo mtu mwenye afya hulimaliza kwa miguu asubuhi moja, isipokuwa kwa sababu moja tu: sehemu kubwa ya walioshuka Clarkston hawapo tena Clarkston. Ukweli huo wa kihesabu ndio ninaotaka kuushika hapa, kwa kuwa sifa nyingi zinazomiminiwa mji huu huupita bila kuugusa.

Sifa zenyewe zinajulikana. Mji hujitangaza kuwa maili ya mraba yenye mchanganyiko mkubwa wa watu kuliko nyingine yoyote Marekani, na magazeti huufananisha na Ellis Island, kisiwa cha New York ambako mamilioni ya wahamiaji kutoka Ulaya waliandikishwa kuanzia mwaka 1892. Habari zinazoandikwa juu yake hufuata njia ileile: mama wa Kisomali na mzee kutoka Bhutan wanakutana dukani, watoto kutoka Kongo na Myanmar wanacheza mpira, mzungu mmoja mwenye moyo mweupe anahojiwa, na msomaji anafunga gazeti akiwa ameridhika kwamba upendo haujafa. Sina ugomvi na upendo. Lakini upendo hauelezi kwa nini wakimbizi walipelekwa Clarkston na si Marietta, Alpharetta au mji mwingine wowote kati ya ile inayoizunguka Atlanta, ambako pia makanisa yapo na watu wema wapo. Maelezo yanapatikana katika mambo mawili yasiyo na mvuto wowote, nayo ni kodi ya nyumba na ruti ya basi.

Clarkston uko kilomita kama 16 kutoka katikati ya Atlanta, upande wa mashariki, katika kaunti ya DeKalb, nje kidogo ya barabara kuu ya mzunguko iitwayo I-285. Ulizaliwa na reli. Ulipata hati ya kuwa mji mwaka 1882 na ukapewa jina la W. W. Clark, mmoja wa wakurugenzi wa kampuni ya Georgia Railroad, ambayo njia yake kati ya Atlanta na Augusta inaupasua mji mpaka leo, na treni za mizigo zingali zikipita. Hapo zamani watu waliuita kwa utani Goatsville, mji wa mbuzi, kwa wingi wa wanyama hao, na timu za shule ya sekondari ya Clarkston bado zinaitwa Angoras, kwa jina la mbuzi wa manyoya marefu. (Mbuzi wamerudi siku hizi, ila wanapatikana kwenye mabucha ya halali.) Kilomita chache mashariki ya hapo upo Stone Mountain, mlima wa jiwe tupu ambako kundi la Ku Klux Klan lilifufuliwa mwaka 1915, na ambako sura za viongozi watatu wa majimbo yaliyopigana kuutetea utumwa zilichongwa katika uso wa jiwe, kazi iliyomalizika mwaka 1972. Yeyote aliyetazama ramani hiyo mwaka huo asingethubutu kutabiri kwamba chini ya mlima huohuo Waafrika wangekuja kusali kwa Kiswahili.

Miaka ya sabini ndiyo iliyoandaa kila kitu, bila mtu yeyote kukusudia. Atlanta ilikuwa inatanuka, na wajenzi wakajaza Clarkston majengo ya fleti za kupanga yaliyokusudiwa wafanyakazi wa kipato cha kati waliofanya kazi jijini na kutaka kulala mahali penye utulivu. Kwa muda mpango huo ulifaulu. Kisha barabara zikazidi kusonga nje, vitongoji vipya vyenye nyumba za kujitegemea vikafunguliwa mbali zaidi, wapangaji wa kwanza wakahama, na wenye nyumba wakabaki na vyumba vitupu na kodi inayoshuka mwaka hadi mwaka. Kufikia sensa ya mwaka 2010, wazungu, ambao kizazi kimoja nyuma walikuwa karibu mji mzima, walikuwa wamebaki takriban mtu mmoja kati ya saba.

Jambo la pili lilitendeka mwaka 1971, na hili wapambaji wa Clarkston hawalitaji kabisa. Mwaka huo wapigakura wa kaunti za jirani waliulizwa kama wako tayari kulipa kodi ya mauzo ili kugharimia MARTA, mfumo wa mabasi na treni za mji wa Atlanta. Fulton na DeKalb zikakubali. Gwinnett na Clayton zikakataa, na Cobb ilikuwa imekwisha kukataa tangu mwaka 1965. Sababu za kukataa zilitajwa kwa lugha ya kodi na gharama, lakini hakuna aliyekuwa hajui kwamba nyuma yake ilikuwapo hofu ya wazungu wa vitongojini, waliokwisha kuwakimbia weusi wa jijini, kwamba sasa watafuatwa kwa basi. Gwinnett iliendelea kukataa hata ilipoulizwa tena mwaka 1990 na mwaka 2019. Matokeo yake ni kwamba kuuzunguka mji mkubwa unaotegemea magari kuliko kitu kingine chochote, sehemu ambazo mtu asiye na gari angeweza kuishi na bado akafika kazini zilikuwa za kuhesabika. Clarkston, uliomo DeKalb, ulikuwa mmojawapo.

Hivyo Rais Jimmy Carter, mwenyewe mzaliwa wa Georgia, aliposaini Sheria ya Wakimbizi mwezi Machi 1980, mashirika yaliyopewa kazi ya kuwapokea wageni hayakuhitaji kutafuta sana. Yalitaka vyumba vingi vilivyo wazi mahali pamoja, kodi ndogo, wenye nyumba ambao hawatauliza historia ya mikopo ya mtu aliyeshuka ndege juzi, na basi mlangoni. Walianza kuja Wavietnam, wakafuata Wabosnia, Wasomali, Waethiopia, Wasudani, Wabhutani wenye asili ya Nepali, watu wa Myanmar, Wakongo, Wasyria na Waafghani. Orodha hiyo inasomeka kama kumbukumbu ya vita vya dunia kwa miaka 40, kila vita ikiwa na jengo lake la fleti.

Wasomaji wa Kiswahili wanapaswa kuiangalia sehemu ya Wakongo kwa karibu. Katika mwaka wa fedha wa 2016 Kongo ndiyo nchi iliyotoa wakimbizi wengi kuliko nyingine zote waliopokewa Marekani, zaidi ya 16,000, na ikarudia nafasi hiyo katika miaka kadhaa iliyofuata. Mwaka 2024 walikaribia 20,000. Wengi wao hawakutoka Kongo moja kwa moja. Walitoka Nyarugusu mkoani Kigoma, Nakivale nchini Uganda au Kakuma nchini Kenya, na baadhi walizaliwa kambini, wakasoma kambini, wakaoa kambini, huku wakisubiri kitu ambacho kila mtu kambini hukiita "kesi" yake, yaani maombi yake ya kuhamishiwa nchi nyingine. Kiswahili walichofika nacho Georgia ni Kiswahili cha Fizi na Uvira, mashariki mwa Kongo, kilichopita Kigoma, ambacho ndani yake kisamvu huitwa sombe, na ambacho sasa kinasikika kwenye ibada za Jumapili na foleni za maduka. Wapo pia Wasomali Wabantu walioanza kuingia Marekani mwaka 2003, na miongoni mwao wamo wasemao Kizigua, lugha iliyochukuliwa Tanga na babu zao walipopelekwa Somalia kama watumwa katika karne ya 19. Mzigua aliyetoka Handeni, akapitia Mto Juba na Kakuma, akaishia chini ya Stone Mountain: historia ya pwani yetu nayo ina tawi lake huko, ingawa vitabu vyetu vya shule havijafika.

Namna mji unavyomeza na kuwatoa watu hawa inaeleweka vizuri zaidi ukifuata fedha. Mkimbizi hufika akiwa na deni: nauli ya ndege hutolewa kama mkopo usio na riba kupitia Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, naye hutia saini ya kuurudisha, hivyo familia ya watu wanane huanza maisha mapya kwa kudaiwa maelfu ya dola. Shirika linaloipokea hupewa fungu la serikali kuu kwa ajili ya siku 90 za mwanzo, ambamo linapaswa kuipatia nyumba, kuandikisha watoto shule, kuwapeleka watu hospitali na, juu ya yote, kumtafutia baba au mama kazi. Mpango wa Marekani haukubuniwa kumtunza mkimbizi. Ulibuniwa kumfanya alipe kodi ya nyumba yake haraka iwezekanavyo. Kazi inayopatikana haraka kwa mtu asiyejua Kiingereza ni ya maghala, ya kusafisha hoteli, au ya viwanda vya kuku kaskazini mwa Georgia, hasa upande wa Gainesville, mji unaojiita makao makuu ya kuku duniani. Huko basi la MARTA halifiki, kwa hiyo watu hujazana kwenye gari moja usiku wa manane, husafiri saa nzima au zaidi, husimama zamu nzima kwenye baridi wakikata nyama, kisha hurudi. Mwalimu wa Nyarugusu aliyekuwa akiheshimika kambini anaweza kujikuta akipasua mapaja ya kuku kwa miaka, na jirani yake aliyekuwa hajui kusoma analipwa mshahara uleule.

Lakini mshahara huo, ukiunganishwa na wa mke na wa kijana mkubwa, baada ya miaka mitatu au minne hununua gari. Na gari ndilo linalovunja mkataba kati ya familia na Clarkston. Mtu mwenye gari hahitaji tena kuishi kwenye ruti ya basi. Anaweza kwenda Lawrenceville au Snellville, katika Gwinnett ileile iliyokataa MARTA, akapata nyumba yenye ua na shule anayoiona bora. Mji uliompokea unabaki na mkimbizi mwingine aliyeshuka wiki hiyo, mwenye deni la nauli na watoto wasiojua neno la Kiingereza. Stendi hufanya kazi hivyo: hakuna anayeipima kwa idadi ya waliohamia humo, na vumbi lake haliwafuati waliopanda gari wakaondoka.

Nimelichagua neno stendi kwa makusudi, kwa sababu linasaidia pia kuelewa siasa za mji, ambazo mara nyingi huelezwa kama vita kati ya wema na wabaya. Kisa maarufu zaidi ni cha mpira. Luma Mufleh, mwanamke mzaliwa wa Jordan, alianzisha mwaka 2004 timu ya watoto wakimbizi iliyoitwa Fugees. Mwaka 2006 meya wa wakati huo, Lee Swaney, alishikilia kwamba maadamu yeye ni meya uwanja wa mji utakuwa wa besiboli na mpira wa Kimarekani, si wa soka. Gazeti la New York Times lilipoichapisha habari hiyo Januari 2007, Clarkston ukawa jina la aibu nchi nzima, na Fugees wakapata wafadhili, kisha wakaanzisha shule yao wenyewe. Kwamba msimamo wa meya ulikuwa wa kuonea watoto, hilo halina mjadala. Swali linalonivutia ni kwa nini ugomvi uliwaka juu ya uwanja, na si juu ya mambo makubwa zaidi.

Jibu langu ni kwamba uwanja ulikuwa karibu kitu pekee kilichokuwa mkononi mwa mji. Idadi ya wakimbizi watakaoingia nchini huamuliwa na rais. Wapi wapelekwe hupangwa na wizara na mashirika. Shule zinaendeshwa na kaunti ya DeKalb, si na meya wa Clarkston. Mabasi ni ya MARTA, fleti ni za wawekezaji, na viwanda vya kuku vinavyofaidika na jasho la wakazi vinalipa kodi zao katika kaunti nyingine. Hapa neno letu la kodi, lenye maana mbili, linafaa kuliko ufafanuzi wowote: kodi ndogo ya nyumba ndiyo iliyowaleta watu, na kodi ndogo ya serikali ya mji ndiyo iliyoifanya halmashauri ishindwe kuwahudumia. Wakazi wa zamani waliona mji wao ukibadilishwa na maamuzi ambayo hawakuulizwa hata moja, wakageukia kile walichoweza kukifunga kwa kufuli. Walimfungia mtu asiyehusika, yaani mtoto mwenye mpira, na hilo ni kosa lao. Ila waliokuwa wamekaa mbali na kupanga yote hayo hawakuandikwa na gazeti lolote.

Ushahidi kwamba jambo hili halikuwa la rangi peke yake ni kwamba kabla ya uchaguzi wa mwaka 2013, mji ulipoomba upelekaji wa wakimbizi wapya usimamishwe kwa muda, meya alikuwa Emanuel Ransom, Mmarekani mweusi. Hoja ilikuwa uwezo. Mwaka huohuo alichaguliwa Ted Terry, kijana aliyebadilisha lugha ya mji kabisa na kuigeuza hali ya ukimbizi kuwa chapa ya kujivunia. Mengine aliyoyafanya yalikuwa ya maonyesho, lakini si yote. Mwaka 2016 halmashauri ilipunguza adhabu ya kukutwa na bangi kidogo ikawa faini ya dola 75, na mwaka 2017 ikaamua kwamba polisi wake hawatamshikilia mtu kwa ombi tu la idara ya uhamiaji pasipo hati ya mahakama. Kwa mwenye pasipoti ya Marekani hayo ni mambo madogo. Kwa mtu ambaye kosa moja linaweza kumharibia uraia anaousubiri kwa miaka mitano, ni tofauti kati ya kulala na kukesha. Hata hivyo uamuzi wa pili ulionyesha tena mipaka ya mji mdogo, kwa maana tarehe 1 Mei 2024 Gavana Brian Kemp alisaini sheria ya jimbo inayozilazimisha mamlaka za miji na kaunti kushirikiana na idara hiyo, na jimbo likisema, mji hunyamaza.

Wakimbizi wenyewe wameanza kuingia ukumbi wa halmashauri. Awet Eyasu, mzaliwa wa Eritrea, alikuwa diwani na akakaimu umeya mwaka 2020, kabla ya Beverly Burks kuchaguliwa. Lakini stendi haizai wapigakura wengi. Mkimbizi huhitaji miaka mitano kupata uraia, na kwa kawaida anapoupata ameshahama, kwa hiyo kura yake anaipiga Gwinnett. Clarkston huwalea raia watarajiwa na kuwakabidhi kwa wengine wakiwa tayari.

Taasisi zilizosimama ni zile zilizokubali hali hiyo mapema. Kanisa la Kibaptisti la Clarkston, lililoona waumini wake wa Kizungu wakiisha, lilijigeuza kuwa kanisa la kimataifa na hata kubadili jina. Duka la Thriftown, lililokuwa linaelekea kufungwa, lilimwajiri Mvietnam mmoja aliyemwambia mwenye duka nini cha kuagiza, na tangu hapo rafu zake zimekuwa zikifuata vita vinavyofuatana. Hakuna kati ya wawili hao aliyeanza na falsafa ya mchanganyiko wa tamaduni, walikuwa wanafilisika.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba tishio kubwa kwa Clarkston lingetoka kwenye kodi ya nyumba. Atlanta imekuwa ghali, wawekezaji wananunua majengo ya zamani, wanapaka rangi na kupandisha bei, na mashirika yanalazimika kuwaweka wageni mbali zaidi, mahali pasipo na basi wala majirani wa lugha moja. Tishio hilo lipo bado. Lakini lililotangulia kufika lilitoka Washington. Tarehe 20 Januari 2025 mpango wa kuwapokea wakimbizi ulisimamishwa kwa amri ya rais, na watu waliokuwa na tarehe za safari wakaambiwa safari hazipo. Nchi iliyokuwa imepokea watu zaidi ya 100,000 katika mwaka wa fedha wa 2024 iliweka kikomo cha 7,500 kwa mwaka wa 2026, na nafasi nyingi kati ya hizo zikatengewa Makaburu wa Afrika Kusini. Mashirika yaliyokuwa yakitegemea fungu la siku 90 yakaanza kupunguza wafanyakazi, na wengi wa wafanyakazi hao walikuwa wakimbizi wa miaka iliyopita, waliopanda kutoka kiwanda cha kuku hadi kwenye meza ya mkalimani.

Wanaoupenda mji huu husema kwamba sasa utapata nafasi ya kupumua na kujenga jamii inayokaa. Sioni hivyo. Mji huu haukuwahi kuishi kwa wanaokaa. Maduka yake, makanisa yake na hata kodi za fleti zake zilihesabiwa kwa wanaoshuka kila wiki, nao wamekoma kushuka. Kinachobaki kuutegemeza kwa sasa ni wale waliokwisha kuondoka. Jumapili hutoka Lawrenceville na Snellville kwa magari yao, husali kwa Kiswahili hadi mchana, hununua unga, sombe na samaki wakavu, huuliza habari za ndugu ambaye kesi yake imesimama Nyarugusu, kisha hurudi makwao kabla giza halijaingia, kwenye kaunti ambayo treni ya MARTA haijafika.